Koti la Kaka Mtu

Mwanzoni mwa miaka ya themanini, aliyetaka kushonewa nguo pale Karatu ilibidi aje na kitambaa chake mwenyewe. Madukani rafu zilikuwa wazi, na uzi wenyewe tuliutafuta kama dawa. Mimi nilikuwa fundi cherehani kwenye kibaraza cha duka la mzee mmoja Mwislamu, mtu wa asili ya Kondoa, na kazi yangu kubwa haikuwa kushona nguo mpya bali kuokoa za zamani. Nilipindua kola iliyochakaa ikawa upande wake mzuri ndio unaoonekana. Suruali ya baba niliikata ikawa kaptula ya mtoto, na gauni lililochanika kwapani likarudi kanisani kama jipya. Nilikuwa bado sijaolewa, na kila Jumapili nilipopanda nyumbani shambani, mama aliniuliza kwa Kimbulu kama nimeshaamua kwamba cherehani ndiyo mume wangu.

Asubuhi moja ya baridi, ule ukungu wa mwezi wa saba unaoshuka kutoka msituni na kulala barabarani, alikuja msichana wa Kimarekani amebeba koti la kiume. Tulimfahamu sote. Mama yake alikuwa muuguzi kwenye hospitali ya misheni, na baba yake alichimba visima upande wa Baray, kwa hiyo mara nyingi hakuwa nyumbani. Msichana alikuwa na umri wa kama miaka kumi na miwili. Alikulia palepale, na Kiswahili chake kilikuwa chetu kabisa, pamoja na matusi ya Kimbulu ambayo mama yake hakujua kwamba anayajua.

"Shikamoo, dada fundi."

"Marahaba. Hilo koti la nani?"

"Limetoka kwenye bunda la msaada la hospitali. Mama amenipa. Nataka unipunguzie, lakini usilipunguze sana."

Nililishika. Lilikuwa la buluu, zito, lina bitana nzuri. Kitambaa cha namna ile nilikuwa sijakigusa muda mrefu. "Nisilipunguze sana, halafu nifanye nini?"

"Lionekane si langu," alisema.

Mwenye duka, aliyekuwa akipima maharage ndani, alitoa kichwa nje. "Binti, watu wote wanakuja hapa nguo ya mtu mwingine ionekane yao. Wewe unataka kinyume?"

Msichana akatoa picha aliyoichora kwa penseli za rangi. Msichana mwenye macho makubwa kama visahani, nywele zimesimama, amevaa koti la buluu linalomfika magotini, mikono imekunjwa mara mbili. Nyuma yake alisimama mnyama wa chuma mwenye pembe.

"Huyu ni nani?" niliuliza.

"Ni wa kwenye katuni. Huyo ni mbuzi wake, anapanda milima ya barafu kwenda kuokoa watu. Mbuzi alitengenezwa na kaka yake. Na koti pia ni la kaka yake."

Mzee alivutiwa na mbuzi. Alitoka kabisa, mikono ikiwa na vumbi la maharage, akauliza kama mbuzi huyo anakula mafuta ya taa au dizeli. Mimi nilikuwa naangalia mabega. Kwenye picha mabega yameteremka, mifuko iko chini mno, na aliyechora alikuwa amejitahidi kuonyesha mkunjo wa kitambaa kinachomzidi mvaaji. Nikauliza mgongoni pakoje, kuna mshono katikati au hakuna? Msichana akafikiri, akakunja uso.

"Sikumbuki. Njoo nyumbani uone."

Hivyo ndivyo nilivyoangalia katuni kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Wakati ule Bara hatukuwa na televisheni. Tulisikia kwamba Unguja wanayo, lakini Unguja ilikuwa mbali na Karatu kama Ulaya tu. Familia ile ilikuwa na seti moja na mashine ya kuchezea kanda za video, na waliiwasha Jumamosi mchana, jenereta ya hospitali ilipokuwa ikifanya kazi ya kufulia. Niliketi sakafuni karibu na msichana, futi yangu shingoni, tayari kupima mgongo wa mtu wa kuchorwa.

Mama yake alipita na kapu la nguo. "Karibu, dada. Usije ukanilaumu," aliniambia. "Ni vitu vya ovyo. Tazama midomo. Mdomo umefunga na sauti bado inaendelea. Kule kwetu wanatengeneza hivi haraka haraka ili wawauzie watoto peremende."

Ni kweli, midomo haikulingana na maneno. Kiingereza chenyewe sikukielewa kwa mwendo ule. Lakini mbuzi yule wa chuma alipoanza kupanda, kwato zikitafuta mahali pa kukanyaga kwenye barafu, nilisahau mgongo nilioufuata. Palikuwa na upepo mle ndani ya seti. Palikuwa na msichana mdogo aliyebaki peke yake kwenye kibanda, anapika, anaweka mabakuli mawili mezani, halafu anaondoa moja. Nilitazama bakuli lile likirudi kabatini.

Halafu ghafla akatokea mvulana halisi, mtu kabisa, anakula kitu kikavu na maziwa na kucheka kwa meno yote. Nikapiga makofi. "Kaka amerudi!"

Msichana alicheka mpaka akalala chini. "Si kaka! Hilo ni tangazo la chakula cha asubuhi! Kaka yangu huwa hakati matangazo."

Ndipo nikaelewa kanda zile zilitoka wapi. Alikuwa na kaka wa kweli, amebaki Marekani chuoni. Katuni ilipoonyeshwa huko asubuhi, kaka aliamka kuirekodi, na kanda zilipofika kadhaa alimpa mtu yeyote wa misheni aliyekuwa akisafiri kuja kwetu. Wenzake wa chuo walimcheka, dume zima linaamka mapema kwa ajili ya katuni ya watoto. Yeye aliendelea.

"Na huyu wa kwenye katuni, kaka yake yuko wapi?" niliuliza.

"Amehamia bonde la ng'ambo. Wamesema theluji ikiyeyuka atarudi."

Nilikumbuka lile bakuli lililorudi kabatini, nikarudi kwenye kazi yangu. Niliona mgongo: mshono mmoja katikati, na mkanda mdogo wenye vifungo viwili.

Nililifanya koti lile kwa raha ambayo sijaipata kwa kazi nyingi. Ni rahisi kuifanya nguo imkae mtu. Kuifanya isimkae, lakini isimwangushe, na bado apendeze, hiyo inataka kufikiri. Niliyaacha mabega, nikapunguza urefu kidogo, nikainua kwapa ili mikono iweze kunyanyuka. Nilipomaliza nililitundika kwenye msumari kibarazani, nikangoja mwenyewe aje kulichukua.

Kabla hajaja, alikuja Mjapani.

Alikuwa kijana fundi magari, amekuja nchini kujitolea, anafundisha mafundi kwenye karakana moja kule juu Ngorongoro. Alishuka Karatu kununua vitunguu na sabuni, sabuni ikiwepo, na watoto wa barabarani walimfuata wakiita "Mchina! Mchina!" na yeye akiwajibu kwa upole, "Hapana, Mjapani," bila kuchoka. Kiswahili chake alikisoma darasani na kila neno lilikuwa limepigwa pasi. Siku hiyo alileta suruali iliyotobolewa na maji ya betri.

"Dada, hujambo. Ninaomba unisaidie suruali hii, tafadhali, ikiwa una nafasi..."

Hakumaliza. Aliliona koti. Alilikaribia kama mtu anayemkaribia ndege asije akaruka, akagusa mkanda wa mgongoni, vifungo viwili. Kisha akasema jina fulani kwa lugha yake, akacheka peke yake, macho yamemlowa.

"Hili koti ni la kwetu," aliniambia. "Nilipokuwa mtoto, kila wiki. Mbuzi wa chuma. Umelijuaje?"

Nikamwambia ni la msichana wa hospitali, na ni la katuni ya Kimarekani. Akatikisa kichwa. Tukiwa bado tunabishana, mzee wa duka akiwa mwamuzi, msichana mwenyewe akafika.

"Ni ya Marekani," alisema, kashika kiuno. "Wote wana majina ya Kiingereza. Kaka yangu ameirekodi Marekani."

"Majina wamebadilisha," alisema Mjapani. "Yule msichana, anapoingia nyumbani, anafanya nini kwanza?"

Msichana akajibu polepole, "Anavua viatu."

"Anakula kwa kutumia nini?"

"Vijiti." Alikuwa ameanza kuona. "Na anabeba vitu vyeupe vya pembetatu, anavila mlimani. Wanasema ni keki."

Mjapani alicheka mpaka akashika nguzo. "Ule ni wali!"

"Wali!" alipaza sauti mzee. "Mtoto anakula wali, wao wanasema keki!"

Tulicheka sote, na msichana alicheka kuliko wote. Nilimwona anapitia kanda zake zote kichwani, anagundua kitu kimoja baada ya kingine: milango ya karatasi, maandishi kwenye mabango ambayo alidhani ni ya nchi ya kubuni, watu wanavyoinama. Hakuona amedanganywa. Alikuwa kama mtu aliyeambiwa kwamba nyumba yake ina chumba kingine asichokijua. Alimrushia maswali Mjapani bila kupumua. Mbuzi anaitwaje kwenu? Yule mzee wa kituo cha hali ya hewa ni mwema au mbaya? Na kaka atarudi kwenye kanda ya ngapi?

Mjapani hakujua lililokuwa nyuma ya swali hilo. Alijibu kama alivyokuwa akijibu mengine.

"Kaka harudi. Kaka alikufa mwanzoni, kwenye maporomoko ya theluji. Ndiyo maana msichana analivaa koti lake."

Msichana alilitazama koti lililotundikwa, halafu akanitazama mimi, na nadhani usoni mwangu aliona kwamba sikushangaa. Akageuka akaondoka mbio kuelekea hospitali. Koti likabaki.

Mjapani aliketi juu ya gunia. "Nimefanya kosa gani?" Nikamweleza habari ya kaka wa Marekani na kanda zake. Akajishika kichwa kwa mikono yote miwili, kisha akaondoka bila suruali yake.

Kesho yake alikuja mama mtu. Nilijiandaa kusemwa, lakini alivuta kigoda akaketi.

"Hajala vizuri tangu jana," alisema. "Anataka tupige simu Marekani ajue kama kaka yake ni mzima. Nimemwambia ni mzima, amemwandikia juzi tu. Hasikii." Alipapasa bitana ya koti. "Huyo kijana amesema kweli?"

"Nadhani kweli, mama. Lile bakuli la pili..."

"Nililiona," alisema. "Nilikuwa napita na nguo, nikaliona. Nikasema ni katuni tu." Akalikunja koti ili aende nalo, kisha akauliza kama ningeweza kumpelekea yule kijana ujumbe aje Jumapili, na mimi nije.

Nilituma salamu kwa dereva wa lori aliyekuwa anapandisha mahindi Ngorongoro, na Jumapili baada ya ibada Mjapani alikuwa amefika, amevaa shati jeupe, mkononi ana kopo la chai kama zawadi. Mama aliomba jenereta iwashwe kwa saa chache. Msichana alikaa mbali, pembeni mwa kiti, amekunja mikono.

Mjapani alimwomba apunguze sauti ya seti mpaka iishe. Kisha kanda ilipoanza, alianza kutusimulia kwa Kiswahili. Sijui kama imewahi kufanyika mahali pengine: katuni ya Kijapani iliyotiwa Kiingereza Marekani, ikivuliwa Kiingereza chake nyumbani kwa muuguzi wa Karatu na kuvishwa Kiswahili cha darasani. "Hapa hasemi 'nitakuwa hodari'. Hapa anasema, 'Kaka, leo nimeweka bakuli lako tena.'" "Hapa wamekata. Palikuwa na kaburi, na wanakijiji wote wamesimama." Tulipofika mahali ambapo picha iliruka kidogo, kama iliyokwaruzwa, alisema, "Hapa pia wamekata. Hapa analia sana."

Mama alikuwa amesimama mlangoni na sahani mkononi. "Na ni sawa kwamba walikata," alisema. "Mimi ni muuguzi. Wiki hii nimewafunga watoto wawili sanda. Kama kuna mtu kule kwetu aliyetaka mtoto wangu aangalie kitu kisicho na kifo ndani yake, mimi siwezi kumlaumu."

Mjapani alifikiri jinsi ya kujibu. "Sisi tuliangalia, tukalia," alisema. "Mama yangu naye alilia. Kisha tukala chakula cha jioni."

"Tukala chakula cha jioni," mama alirudia. Sikujua kama anamdhihaki au vipi. Kwetu sisi Wambulu mtoto hafichwi msiba. Baba yangu alipofariki, wadogo zangu walikuwepo, walishika udongo kama wengine, na koti lake nililipunguza mimi mwenyewe likavaliwa na mdogo wangu aliyefuata. Lakini sikusema haya, kwa kuwa mama yule alikuwa amechoka, na upendo wake niliuona.

Aliyezungumza ni msichana. "Mwisho inakuwaje?" aliuliza. "Kaka yangu amesema kule wameacha kuionyesha. Hakuna anayejua mwisho."

Mjapani alizima seti kabisa, akamgeukia. Alimwambia kwamba katika kanda ya mwisho imepita miaka, milima imeanza kuota majani, na msichana anasikia wito wa watu waliokwama. Anachukua koti ukutani, analivaa mbiombio, anatoka. Yuko katikati ya mlima ndipo anagundua kwamba hakukunja mikono. Koti linamtosha.

"Nani alilipunguza?" niliuliza. Ufundi ulinitangulia.

"Hakuna, dada," alisema Mjapani. "Alikua."

Msichana alilia hapo, kilio kirefu cha sauti, na mama yake akaweka sahani chini, akaja akamkumbatia, wakakaa hivyo kwenye kiti kimoja kisichowatosha. Mimi na Mjapani tulitoka nje tukaangalia kuku. Baadaye tulipoitwa, palikuwa na wali, na msichana alikuwa ameufinyanga wa kwake kwa mikono ukawa pembetatu. Ulimvunjikia mara kadhaa. Aliula wote.

Koti alilivaa miaka miwili mfululizo, kwenye baridi na hata kwenye joto, na habari nzima alimwandikia kaka yake. Krismasi ya mwaka uliofuata kaka mtu akaja mwenyewe. Kijana mrefu, mwembamba, mwenye haya, hajui Kiswahili zaidi ya salamu, na hata salamu aliikosea akamwambia mzee wa duka "marahaba" badala ya shikamoo. Mzee alimsamehe papo hapo, maana alikuwa na swali lililomkaa muda mrefu.

"Muulize," alimwambia msichana, "ni kweli kwao watu wazima wanaangalia katuni?"

Msichana akatafsiri. Kaka akacheka. Alieleza kwamba aliposoma barua ya mdogo wake alianza kutafuta, akakuta kikundi kidogo cha watu kama yeye. Wanakutana mwisho wa wiki, wanaangalia kanda za Kijapani zilizonakiliwa na kunakiliwa tena mpaka nyuso zimekuwa kijani. Kijapani hawajui. Mmoja wao aliye na kamusi anasimama mbele na kukisia, na wengine wanabishana naye.

"Na watu wanasemaje?"

"Wanatucheka," alisema. "Wanasema ni vitu vya watoto. Wengine wanasema, kwa nini Japani, kwani sisi hatuna vyetu? Baba ananiambia nitafute mchumba."

"Mwambie pole," nilimwambia msichana. "Mwambie hata mimi naambiwa hivyo hivyo kwa sababu ya cherehani."

Mjapani alikuwepo, amekuja kwa ajili ya mgeni huyo. Alisema hata kwao mambo ni yale yale. Pale karakanani alipofanya kazi kabla ya kuja kwetu, hakuthubutu kumwambia mtu yeyote kwamba bado anapenda mbuzi wa chuma. Ilibidi aje mpaka Karatu ndipo alisemee jambo hilo mchana, mbele za watu.

Walikaa kutwa nzima juu ya magunia yale, msichana katikati akigeuza Kiingereza kuwa Kiswahili na Kiswahili kuwa Kiingereza mpaka sauti ikamkauka, na wateja waliokuja kununua chumvi walikaa nao kusikiliza. Kesho yake Mjapani aliwachukua kwenye pikapu ya karakana kwenda kumwonyesha mgeni kreta ya Ngorongoro. Msichana alinisimulia waliporudi. Walifika ukingoni ukungu umejaa, bonde zima jeupe, hawakuona hata nyati mmoja. Wakakaa garini wakingoja. Baada ya muda Mjapani akaanza kuimba taratibu wimbo wa kufungulia ile katuni, kwa Kijapani, na kaka akaingia kwa Kiingereza, maneno tofauti, sauti ile ile. Wakauimba wote hadi mwisho, wakaanza tena. Askari wa getini alikuja akagonga kioo, akauliza kama kuna tatizo.

"Hakuna tatizo, afande," msichana alimjibu. "Tunangoja ukungu uondoke."